Ndoa ya kijijini, pombe na kiburi: tupeane uzoefu

Mleta mada: Wengi tupo Dar, lakini simu za ugomvi zinatoka kijijini. Mume analewa, mke karudi kwao, kila mmoja anasubiri mwenzake ajishushe. Wenye uzoefu leteni mbinu, majina ya watu tuyaache.

Shangazi Kimara: Ndugu wa mjini wakifika, huitisha kikao jioni, wakwe na watoto wote wanasikiliza. Hapo mwanaume hatetei tena ndoa, anatetea uso wake, na kikao kikiisha anaenda moja kwa moja kilabuni. Mtumieni mshenga. Aende alfajiri, kabla mume hajaonja kitu, wakae wawili tu. Asianze na "wewe mlevi", aanze na ghala: magunia yalikuwa mangapi, yamebaki mangapi. Kumfuata mke ukweni ndiko kiburi kinakogoma zaidi, kwa hiyo mshenga amsindikize na ndiye aanze kusema. Na upande wa mke wasidai faini kubwa kiasi cha kumfanya akope.

Rangi Tatu: Kilabuni kuna daftari la madeni. Mazao yakiuzwa, hela inapita huko kwanza. Deni lijulikane kabla ya mavuno, lilipwe lote, na mwenye kilabu aambiwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba mkopo umekwisha. Chakula na mbegu vitengwe kabla dalali hajaleta mizani. Kwa mahindi, kadiria gunia la kilo 100 kwa kila mtu kwa mwaka. Kwenye korosho na pamba, malipo huingia akaunti ya mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ambaye mara nyingi ni mume. Mke naye ajiunge, kwa jina lake. Nanyi mnaotuma hela kutoka mjini, mlipeni muuza mbolea mwenyewe.

Tabibu Temeke: Tafadhali msimfungie ndani "aache pombe". Anayetetemeka mikono asubuhi mpaka apate kikombe, akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Siku ya pili hadi ya nne huweza kuja kuweweseka, jasho jingi, kuona vitu visivyokuwepo. Watu husema karogwa, wanamfunga kamba, na anaweza kufa. Mpelekeni hospitali, hupewa dawa za kutuliza kwa siku chache na vitamini B1. Aliyekunywa gongo akilalamika macho yana ukungu, msisubiri kukuche.

Mdau wa Sheria: Talaka haianzii mahakamani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka shauri lipite kwanza baraza la usuluhishi, nalo likishindwa litoe hati. Mume hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Na tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed, 1983, kazi za nyumbani huhesabiwa kama mchango kwenye mali. Kukiwa na kipigo, habari ya mshenga iwekwe pembeni: mke aende polisi, dawati la jinsia, achukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, atibiwe siku hiyohiyo majeraha yakiwa bado yanaonekana.