Eti nikakorogee uji! Yule bwana wa kupima mashine leo amevuka mpaka

Seremala_Langoni:
Jamani, nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka na chakula sijagusa. Jina silitaji, mnamjua. Yule yule muuza mashine anayetoa kipande cha mbao nje ya duka lake jua likipoa, akaita watu waje waone mashine ipi baba na ipi mtoto, sauti yake inasikika hadi Mokowe ng'ambo ya maji.

Leo ameniambia hivi, mbele ya wateja wangu, mbele ya wachukuzi na punda wao: "Fundi, hiyo yako kakorogee uji."

Uji! Mashine iliyofunga bawaba za nusu ya milango ya mji huu wa Lamu!

Sasa sikilizeni alivyofanya, mwamue wenyewe kama ule ni upimaji au ni uonevu. Yake ni DeWalt DCF887, yangu ni Makita DTD153. Zote impakti, yaani mashine za kukaza skrubu kwa mapigo, zote mota isiyo na brashi. Vitabu vya mashine vinasema wazi nguvu ya kuzungusha: yake nyutoni mita 205, yangu 170. Nani amekataa? Yake ina nguvu zaidi, hilo linajulikana. Lakini skrubu ya bawaba haijawahi kuniomba hizo 170 zote, na tofauti ya 35 haiwezi kumgeuza mtu mpishi wa uji!

Yeye kajipachikia betri ya Ah 5 (ampea-saa, kiasi cha umeme inachobeba), imetoka kwenye chaja bado ina joto. Yangu akaiacha na ile ndogo ya Ah 2 ambayo ilikuwa kazini tangu asubuhi. Betri kubwa ndani ina seli kumi, safu mbili za tano tano. Ndogo ina tano basi. Mzigo ukiwa mzito, zile tano volti zinashuka haraka, mota inapungua kasi, na nyundo ya ndani haipigi tena inavyotakiwa. Kila fundi anajua hivyo. Yeye anajua kuliko sisi sote, maana anaziuza!

Mbao je? Yake akaipa saipresi, mbao ambayo hata ukucha unaingia. Yangu akaipa kipande cha mbambakofi, fremu ya mlango wa zamani, kikavu kweli kweli, bila kutoboa tundu kwanza.

Halafu biti, ile ncha ya kukazia skrubu. Kelele zilipoisha nimeiokota mwenyewe nikaigeuza kwenye mwanga: imeandikwa PH2, yaani Phillips. Skrubu zilikuwa PZ2, yaani Pozidriv, zile zenye vistari vinne vyembamba kati ya mikono ya msalaba. Ncha ya PH haikai sawasawa ndani ya PZ, inacheza. Ikaanza kuruka, tra-ta-ta-ta, ikala kichwa cha skrubu mpaka pakabaki shimo la duara linang'aa, unga wa chuma umemwagika juu ya mbao. Hapo ndipo akawageukia watu akasema: kakorogee uji. Na mama mmoja aliyenipa kazi ya madirisha yake yote akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio. Kazi yenyewe sijui kama bado ninayo.

Na lile lake la kila siku, "yangu volti 20, yako 18." Bwana we! Ndani kila safu ni seli tano, kwangu tano, kwako tano, volti 3.6 mara tano ni 18. Hiyo 20 ni ya betri iliyojaa ambayo haijabebeshwa kazi. Mashine hiyo hiyo ikiuzwa Ulaya huandikwa 18. Wallahi nimemweleza kwa upole. Mnajua alinijibu nini? "Fundi, uji unaungua."

Sitaki aniombe radhi pembeni. Aje pale pale, mbao moja, skrubu za boksi moja, biti mpya, betri zote Ah 5 zimejaa, na yule mama awepo.

Pwani_Kavu:
Pole fundi. Mjomba wangu naye aliambiwa na huyo huyo kwamba mashine yake ni ya kunyolea ndevu. Mzee mzima, mbele ya wajukuu! Mpaka leo akienda msikitini anazunguka njia ya nyuma asipite lile duka.

Mtoto_wa_Shela:
Swali moja tu fundi: uji wa mtama au wa mchele? Tukuletee iliki?

Seremala_Langoni:
Mtoto wa Shela, wewe ulikuwepo. Nilikuona umekaa barazani unacheka na wao.

Mtoto_wa_Shela:
Nilikuwepo, ndiyo. Na ile skrubu haikuingia, ndiyo.

Matondoni_Boti:
Kwenye mbambakofi tundu kwanza, hilo halina mjadala, uwe na Makita, DeWalt au ile Milwaukee ya nyutoni mita 226. Impakti inagonga kwa kuzunguka: skrubu ikikaza, nyundo inarudi nyuma kwenye springi, inaachia, inapiga tena, maelfu ya mapigo kwa dakika. Ndiyo maana kifundo cha mkono hakipindwi kama kwa drili ya kawaida. Lakini mapigo hayo hayo yanakata shingo ya skrubu. Na mkitaka la kulalamikia, lalamikieni skrubu za siku hizi. Umeambiwa haishiki kutu, umelipa bei ya haishiki kutu, kusi moja tu ikipita mbao imeshaanza kulia machozi mekundu. Nani anatuletea hizi?

Seremala_Langoni:
Tundu sawa ami, sikatai. Lakini yeye alijua! Alijua mbao ile inataka tundu, alijua ile biti si yake, na bado akafungua mdomo akasema uji.

Bint_Mkomani:
Nyinyi mafundi wote mna lenu. Mimi alikuja mmoja na impakti kama hiyo kutoboa ukuta wa matumbawe atundike rafu. Nikamwambia kaka, hiyo si ya ukuta, leta drili ya nyundo, ile inayopiga kwenda mbele. Akaniambia "dada, mimi ndiye fundi." Akasukuma dakika ishirini, biti ikawaka nyekundu, lipu ya chokaa aliyoacha babu yangu ikashuka yote kitandani. Mji umeingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, halafu anakuja mtu kuubomoa kwa mashine ya skrubu. Na pesa ya kazi alidai!

Pwani_Kavu:
Dada huyo namjua. Na kwangu alidai.

Malindi_Juakali:
Huku Malindi tuna wa kwetu, msifikiri mko peke yenu. Ameniuzia betri, kibandiko kinasema Ah 6. Nikaona ni nyepesi, nikaifungua: seli tano za kawaida, zile za 18650. Hizo tano hata Ah 4 hazifikishi! Nimeirudisha, ananiambia nimevunja lakiri, hanirudishii kitu. Sasa bila kuvunja lakiri ningeonaje ndani?

Matondoni_Boti:
Pima uzito. Ah 5 ya kweli ni nzito karibu mara mbili ya ile ndogo.

Seremala_Langoni:
Jamani, mada ni uji. Nani alikuwepo atoe ushahidi?

Nahodha_Mstaafu:
Nyinyi mna mashine za kugombania. Mimi drili yangu imeazimwa na jirani, chaja ikaazimwa na shemeji yake, na ngazi ameichukua tangu Maulidi. Nikimwona njiani ananiamkia kwa adabu utadhani hana kitu changu.

Bint_Mkomani:
Heri wewe babu, unajua walipo. Msumeno wangu ulizungushwa mkono kwa mkono, kila mmoja ananielekeza kwa mwingine.

Pwani_Kavu:
Watu wa kuazima ndio wabaya kuliko wote. Huyo wa uji angalau anatusi usoni.

Mtoto_wa_Shela:
Nahodha, hiyo ngazi ni ya alumini, mguu mmoja umefungwa kamba ya buluu?

Nahodha_Mstaafu:
Ndiyo! Ndiyo hiyo! Umeiona wapi mwanangu?

Mtoto_wa_Shela:
Iko huku Shela, kuna mtu anapaka rangi ghorofani. Kasema ameinunua.

Nahodha_Mstaafu:
AMEINUNUA KWA NANI? Mshike hapo hapo asishuke, napanda mashua.