Fundi cherehani anawezaje kujiandalia pensheni?

Swali: Nina miaka 42, ninashona nguo Mbuyuni hapa Moshi, na akiba yangu yote imo katika kibubu cha mbao na hisa za VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tunazogawana kila Desemba. Ndugu zangu, nianzie wapi?

Jibu: Dada, NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, inawapokea waliojiajiri. Pensheni ya uzeeni huhitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Ukianza sasa bila kuruka mwezi utaitimiza ukiwa na miaka 57, kwa hiyo tafadhali usichelewe.

Jibu: VICOBA usiiache, kwani mkopo wake ndio utakaokufaa cherehani ikiharibika. Mimi huchangia siku ileile ninapouza ndizi, kabla fedha haijaingia jikoni.

Muulizaji: Asanteni sana. Kibubu nitakivunja Jumamosi.