MREJESHO: Pell Grant yangu iliyosimamishwa

Habari zenu wadau. Niliwahi kuuliza hapa nifanye nini baada ya chuo cha jamii ninakosoma, huku Marekani, kusimamisha Pell Grant yangu (msaada wa masomo wa serikali kuu, ambao kwa kawaida haurudishwi) kwa sababu nilijitoa masomo mawili muhula ambao mwanangu alilazwa. Imerudi, ila si yote niliyoomba.

Nilimsikiliza dada aliyesema niandike rufaa ya ukurasa mmoja, bila kulialia. Nikaambatanisha barua ya hospitali na mpango wa masomo uliosainiwa na mshauri wa chuo. Nadhani huo mpango ndio ulionibeba, maana wanataka kujua nini kimebadilika, huzuni pekee haitoshi. Sasa niko chini ya uangalizi. Nikiufuata mpango, pesa inaendelea.

Kwa atakayesoma baadaye: somo ulilojitoa likiandikwa W haligusi GPA (wastani wa alama), lakini linahesabiwa kuwa ulilijaribu. Nilijaribu krediti 24, nikamaliza 15, chini ya ile 67% ya krediti ulizojaribu ambayo chuo changu, kama vingine vingi, kinadai uwe umeimaliza. GPA yangu ilikuwa safi na bado walinikata!

Kilichogoma ni ruzuku ya jimbo. Tarehe ya mwisho ilishapita. Rufaa nayo haikufidia muda uliopita, hivyo ada ya muhula niliokaa bila msaada nailipa mwenyewe kwa mafungu.

FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali) ya mwaka ujao nimeshajaza, maana hujazwa upya kila mwaka. Asanteni sana, hasa dada wa rufaa.