Mkono wa kushoto unakunjika nikipandisha fimbo, nifanyeje wakuu?

mzee_wa_bunker:
Wakuu habari za jioni. Nina mwaka wa pili kwenye gofu, umri 47, kazi yangu ni kukaa kwenye kompyuta kutwa nzima. Napiga kwa kulia, sasa nikipandisha fimbo juu kiwiko cha kushoto kinakunjika kama nimebeba ndoo begani, mpira unapinda kulia unaingia porini, kedi wangu (mbeba fimbo) kachoka kutafuta mipira. Kila mtu ananiambia nyoosha mkono, nikiunyoosha kwa nguvu bega linauma na fimbo haipandi. Kuna mazoezi au ndo uzee tena?

kedi_mstaafu:
Uzee bado mkuu 😂 mkono unasingiziwa tu hapo, mgongo ndo haugeuki. Mabega yanatakiwa yageuke kama nyuzi 90 na kiuno kama nusu yake, sasa mabega yakigoma katikati mikono inaendelea kupanda yenyewe, lazima kiwiko kikunje. Jipime, kaa kwenye kiti, bana magoti, kumbatia fimbo kifuani, geuka kulia kiuno kisihame, usipofika hata nyuzi 45 mchawi wako ni huyo. Zoezi ndo hilohilo, mara 10 kila upande asubuhi na jioni, polepole usijitingishe. Bega likiuma acha, muone fizio.

fore_left:
Na taulo kwapa la kushoto, piga nusu swingi (fimbo ipande nusu tu) na chuma namba 7, ile fimbo ya kichwa cha chuma ya urefu wa kati, ikidondoka mapema ujue mkono umeachana na kifua. Halafu acha kisigino cha kushoto kiinuke kidogo, bingwa wa Marekani Jack Nicklaus alikuwa anainua na kachukua meja 18 (yale mashindano makubwa ya gofu), sisi nani tukigandamize chini?

baba_g:
Mnamtisha bure na huo mkono. Mchezaji gofu wa Marekani Calvin Peete alivunjika kiwiko cha kushoto utotoni, hakikunyooka tena maisha yake yote, na kuanzia 1981 mpaka 1990 ndo aliongoza PGA Tour (ligi ya gofu ya kulipwa ya Marekani) kwa kupiga draiva, fimbo ndefu ya kuanzia, mpira ukatua kwenye feawei, ile njia ya nyasi fupi, miaka 10 mfululizo! Mkono ulegee ila usibadilike badilike, fupisha swingi basi.

mzee_wa_bunker:
Asanteni sana. Nimejipima kwenye kiti cha ofisini nikaona mbona nageuka balaa, kumbe kiti ndo kinazunguka 😂 nimehamia cha plastiki, hata nyuzi 30 sijui kama zinafika. Taulo kesho.