Vekta ya adenovirusi, seli za CHO na kipokezi kisichoonekana

Mwanafunzi_Bagamoyo
Wakuu, salamu kutoka Bagamoyo. Utafiti wangu wa uzamili unahusu basijini, kipokezi kilicho juu ya chembe nyekundu za damu, ambacho kimelea cha malaria Plasmodium falciparum hukishika kwa protini yake ya RH5 kabla ya kuingia ndani. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo haiwezi kutumia jeni mpya utakayoipa. Ndiyo maana niliiweka jeni ya basijini ya binadamu katika vekta ya adenovirusi aina ya 5, yaani kirusi kilichorekebishwa ili kibebe jeni, na kuipeleka kwenye seli za CHO, yaani za ovari ya hamsta. Baada ya saa 48 nilizipaka kingamwili yenye rangi inayoshika basijini, zikang'aa chache mno, na kuongeza dozi hakukusaidia. Kwenye HEK293, aina nyingine ya seli za maabara, vekta ileile hung'arisha seli zote, ila baada ya siku chache zinakufa. Je, vekta yangu ni mbovu?

FundiSeli_Tanga
Mdogo wangu, usiitupe. Adenovirusi aina ya 5 hutua kwanza kwenye kipokezi kiitwacho CAR, kisha integrini, protini nyingine za juu ya seli, huisaidia kuingia, na seli za CHO zinafahamika kwa kukosa CAR ya kutosha. Umejikuta unahitaji kipokezi ili upeleke kipokezi!

Vifo vya HEK293 navyo vina sababu yake. Vekta yako imeondolewa sehemu ya E1, ambayo bila hiyo haizaliani, lakini seli hizo, zilizotengenezwa Uholanzi mwaka 1973, zimebeba E1 katika jenomu yao. Zinaijazia vekta pengo, inazaliana, nazo zinapasuka. Ni seli za kuzalishia vekta, hazifai kwa jaribio lako.

DadaWaMaabara
Naongeza jambo ambalo kaka hapo juu amelipita. HEK293 ni seli za binadamu na zina basijini yake yenyewe, hivyo huenda kingamwili yako ilikuwa inaonyesha kipokezi kilichokuwapo tangu mwanzo. Je, ulipaka seli ambazo hazikupewa vekta, na nyingine zilizopewa vekta isiyo na jeni ya basijini kwa dozi ileile? Bila hizo mbili, mng'ao huo hauthibitishi chochote.

Kuhusu dozi, ukipima kwa mwanga wa urefu wa nanomita 260 unahesabu chembe zote za kirusi, hata zilizokufa, na kuyeyuka kwa vekta iliyogandishwa mara kwa mara (umeme wetu mnaujua) huongeza hizo zilizokufa. Pima uwezo wa kuambukiza.

Mwanafunzi_Bagamoyo
Dada, leo nimepaka HEK293 zisizo na vekta na zimeng'aa vilevile. Nimeona aibu kidogo. Je, nianze kwa kuzipa CHO jeni ya CAR?

FundiSeli_Tanga
Inawezekana, ila ni safari ndefu. Jeni yako ina takriban herufi 800 za DNA tu, ilhali vekta hiyo hubeba hadi karibu 8,000, kwa hiyo hujaihitaji nafasi yake. Zaidi ya hayo, DNA ya adenovirusi kwa kawaida haijiungi na kromosomu, na seli zikigawanyika inapungua. Tumia plasmidi, yaani DNA ya duara, yenye jeni ya basijini na jeni ya ukinzani wa dawa, chuja CHO kwa dawa hiyo wiki mbili au tatu ili zibaki zilizoipokea, kisha zipake bila kutoboa utando, ili uone basijini iliyofika juu ya seli peke yake.

Mwanafunzi_Bagamoyo
Nashukuru. Plasmidi ninayo tayari. Jumatatu naotesha CHO upya.