Naomba ushauri: kirusi cha kichaa cha mbwa kinahamaje kati ya wanyama?

Habari zenu wakuu. Naandaa utafiti wa shahada kuhusu kichaa cha mbwa na nimekwama. Wataalamu wa mifugo na virusi, nisaidieni.

Kirusi hiki ni cha RNA (taarifa zake za urithi zimo kwenye RNA, molekuli inayofanana na DNA), kina jeni 5 tu. Kimeng'enya kinachonakili jeni hizo hakisahihishi makosa, kwa hiyo ungetegemea kibadilike ovyo. Mbona basi kinabadilika polepole kuliko virusi vingi vya RNA? Maelezo ninayokutana nayo ni kwamba kikishaingia kwenye jeraha lazima kisafiri kwa mishipa ya fahamu hadi ubongoni, kisha kishuke kwenye tezi za mate. Badiliko linalovuruga hatua yoyote hapo linafutika. Mantiki ipo, ila kiu yangu haijaisha.

Kinachonitatiza zaidi ni kuhama kutoka aina moja ya mnyama hadi nyingine. Mbwa akimng'ata ng'ombe, ng'ombe anakufa na kwa kawaida mnyororo wa maambukizi unakatikia hapo. Lakini kule Namibia, tangu miaka ya 1970, tandala wamekuwa wakiambukizana wenyewe kwa wenyewe, wala majani hao! Na Flagstaff, Arizona, Marekani, mwaka 2001 kirusi cha popo kilianza kusambaa kati ya skanki (wanyama wadogo wanaorusha majimaji yenye harufu kali).

Sasa, nianze kwa kulinganisha jeni, au na tabia za wanyama, yaani msongamano wao na jinsi wanavyogusana? Msimamizi wangu anataka jeni. Mimi naona tabia ndiyo inayoamua. Mwenye data za popo pia anishtue, tafadhali.