Je, nijiunge na jumuiya ya heshima ya wanafunzi wa uhasibu na fedha nikifika Marekani?

Mizania ameandika:

Hamjambo nyote. Nimemaliza mwaka wa pili wa BCom, upande wa uhasibu, katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, na Mungu akijalia nitasafiri mwezi Agosti kwenda Marekani kumalizia miaka miwili iliyosalia katika chuo ambacho chetu kina mkataba nacho. Tangu nipate barua ya kukubaliwa, nimepokea barua pepe mbili ambazo sijui nizipokee vipi.

Ya kwanza imetoka kwa kitivo cha biashara cha chuo ninachoelekea. Inawaalika wanafunzi wote wapya wa uhasibu na fedha kwenye mkutano wa kuwajulisha kuhusu tawi la Beta Alpha Psi, jumuiya ya heshima inayopokea wanafunzi wenye alama nzuri katika fani hizo, na inaeleza kwamba anayetaka kuwa mwanachama sharti awe na wastani wa angalau 3.0 kati ya 4.0 katika masomo ya ngazi ya juu ya fani yake, ahudhurie vikao vya kitaaluma na ashiriki kazi za kujitolea. Ya pili imetoka kwa jumuiya nyingine ambayo sijawahi kuisikia. Hii inanipongeza kwa kuteuliwa miongoni mwa wanafunzi bora, kisha inanitaka nilipe dola 95 ndani ya siku saba ili nitumiwe cheti na beji.

Baba yangu, ambaye ni karani wa hesabu katika shule ya upili, anasema fedha zozote zilizobaki zilipie mitihani ya CPA (sifa ya kitaaluma ya wahasibu hapa Kenya) na si beji. Mjomba aliyeko Marekani anashikilia kwamba huko bila vyama hivi hujulikani. Naomba wanaofahamu wanieleze: je, jumuiya hizi mbili ni za aina moja? Je, alama zangu za Nairobi, ambazo wastani wake ni 68, zitahesabiwa? Na nikirudi nyumbani, kuna mwajiri yeyote atakayeutazama uanachama huo mara mbili?

Stakabadhi amejibu:

Dada Mizania, nilisomea Marekani na nilikuwa mwanachama wa tawi la Beta Alpha Psi kabla ya kurejea Nairobi, ninakofanya kazi sasa katika idara ya fedha ya sacco moja. Kwa hiyo nitajibu zaidi kuhusu barua ya kwanza, ambayo ndiyo ninayoijua.

Jumuiya hiyo ilianzishwa mwaka 1919 katika Chuo Kikuu cha Illinois. Mwanzoni ilikuwa ya wanafunzi wa uhasibu peke yao, na baadaye milango ikafunguliwa kwa wa fedha na wa mifumo ya habari. Jambo la kushika hapa ni kwamba mtu hujiunga kupitia tawi lililo chuoni kwake, chini ya mhadhiri mlezi anayemfahamu kwa jina. Hakuna anayeteuliwa kutoka hewani. Unaanza kama mwanachama mtarajiwa, unatimiza saa zako za vikao na za kujitolea, alama zako zinatazamwa, ndipo unaapishwa. Makao makuu hutoza ada ya kuingia, na tawi laweza kuongeza mchango wake wa kuendeshea shughuli, kwa hiyo uliza jumla yote katika mkutano huo wa kwanza kabla hujatia sahihi.

Vikao vyenyewe, nikisema kweli, vingine huchosha. Kampuni ya ukaguzi inatuma vijana wake wawili waliohitimu juzi, wanaonyesha picha za ofisi, mnakula pizza, mnatia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio na kutawanyika. Faida huja ukibaki nyuma dakika chache na kuuliza swali la maana, kwa sababu kampuni kubwa za huko huchagua wanafunzi wa mafunzo kazini mapema mno, mara nyingi mwaka mzima kabla ya kazi kuanza, na anayefika mwaka wa nne ndipo aanze kujitambulisha hukuta nafasi zimekwisha kugawiwa.

Kilichonifaa kuliko vyote ni kazi ya kujitolea. Matawi mengi hushiriki mpango uitwao VITA, ambao uko chini ya IRS, yaani mamlaka ya kodi ya serikali kuu ya Marekani. Wanafunzi hufanya mtihani wa IRS kwanza, na wakifaulu huwajazia ritani (fomu za kodi ya mapato) bila malipo watu wa kipato cha chini, wazee na wasiokimudu Kiingereza vizuri. Sisi tulikuwa tukikaa maktaba ya mtaa siku za Jumamosi. Mzee mmoja aliniletea bahasha ya khaki iliyojaa karatasi za W-2 kutoka kwa waajiri watatu tofauti (W-2 ni kama P9 yetu, inaonyesha mshahara na kodi iliyokatwa), moja ikiwa imekunjwa hadi tarakimu za kwenye mkunjo zimefutika. Nilipomaliza kujaza fomu ya 1040, sikuruhusiwa kuituma. Mwenzangu aliketi mahali pangu, akampa mzee karatasi zake na kumwomba azisome kwa sauti, huku yeye akilinganisha mstari kwa mstari na nilichoandika. Ilikuwa ni kanuni ya mpango huo kwamba kila ritani ipitiwe na mtu wa pili. Nilikuwa nimesoma kuhusu kutenganisha majukumu, yaani kazi ya mmoja ikaguliwe na mwingine, darasani Nairobi na kupata alama nzuri, lakini pale maktaba ndipo nilipoona kazi yake.

Angalizo moja: utakuwa huko kwa viza ya mwanafunzi, kwa hiyo kabla ya kuanza kazi yoyote, hata isiyo na malipo, pita kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako upate idhini yao.

Mwalimu wa Lower Kabete amejibu:

Nitajibu lile la alama, kwa sababu naona linapuuzwa na ndilo lenye madhara makubwa.

Wastani wa 68 katika vyuo vyetu vingi ni daraja la pili la juu, alama mbili tu kabla ya daraja la kwanza, maana A yetu huanzia 70. Katika vyuo vingi vya Marekani A huanzia 90, na msomaji wa huko akiiona 68 bila maelezo atadhani unaburura mkia. Basi hakikisha kwamba nakala rasmi ya matokeo yako inapotumwa, inaambatana na ufafanuzi wa viwango vya alama, ambao kwa kawaida huchapishwa nyuma ya hati yenyewe. Nimewahi kuona nakala iliyotolewa kwa skana upande mmoja tu, na mwanafunzi akahangaika muhula mzima kusahihisha jambo ambalo karatasi ya nyuma ingelimaliza.

Hata hivyo, vyuo vingi vya huko vikikubali masomo uliyoyafanya kwingine huyahesabu kama saa za masomo bila kuziingiza alama zake katika wastani wao. Maana yake ni kwamba wastani wako utaanza upya Septemba, na ile 3.0 itatokana na masomo utakayofanyia huko. Usibebe masomo sita mazito muhula wa kwanza kwa kutaka kumaliza upesi. Ukipata C mbili wakati bado unazoea mitihani yao ya kila wiki, utatumia mwaka mzima kuupandisha wastani, na wakati huo wenzako watakuwa wamekwisha kuapishwa.

Zaidi ya hiyo, kuna Beta Gamma Sigma, ambayo ni ya wanafunzi wa biashara kwa jumla, ilianza 1913, na hupatikana tu katika shule za biashara zenye ithibati ya AACSB, shirika linalopima ubora wa shule hizo. Hiyo hualika asilimia 10 ya juu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Ukiona barua yake kupitia kitivo chako, ujue ni heshima ya alama tupu, haidai saa za kujitolea, na hakuna ubaya kuipokea.

Mkaguzi wa Upper Hill amejibu:

Nakubaliana na waliotangulia, ila niruhusuni niseme kama mtu ambaye huketi kwenye meza ya usaili.

Barua ya pili itupe. Mambo yaliyomo yanatosha kuihukumu: haikutaja tawi la chuo chako, haikutaja mhadhiri mlezi, haikutaja sharti lolote ambalo waweza kulikosa, na imekupa siku saba. Hao wanaokuita bora wamekujuaje, ilhali hujafanya hata mtihani mmoja katika chuo hicho? Jumuiya ya kweli hutaka kwanza uonyeshe alama na kazi kabla ya kukupa jina. Kama bado una shaka, kuna chombo kiitwacho Association of College Honor Societies, kilichoanzishwa 1925, ambacho hupima jumuiya za aina hii kabla ya kuzipokea. Waweza kutazama kama iliyokuandikia imo. Jumuiya kutokuwamo si ushahidi wa ulaghai, lakini ikiwa haimo na kitivo chako pia hakiitambui, umeshapata jibu.

Kuhusu mwajiri wa Nairobi, sitakudanganya. Wengi wetu hatuzijui herufi hizo za Kigiriki, na mtu akiandika tu kwamba ni mwanachama, jicho linapita. Tunachotafuta kwanza ni umefika ngazi gani ya CPA ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu nchini, au kama unafuata ACCA, sifa ya uhasibu ya Uingereza. Kwa walio upande wa fedha na uwekezaji tunauliza kuhusu CIFA, sifa ya wachambuzi wa uwekezaji, ambayo pia hutahiniwa na KASNEB, hasa tangu sheria ya wachambuzi wa uwekezaji na fedha ya mwaka 2015 ilipoipa taaluma hiyo taasisi yake, ICIFA. Hakuna jumuiya ya wanafunzi inayokupa haki ya kutia sahihi hesabu zilizokaguliwa nchini; hilo liko chini ya Sheria ya Wahasibu ya 2008 na ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya. Kwa hiyo baba yako yuko sawa kwa kiasi kikubwa.

Lakini mtu akija na maelezo kama ya Stakabadhi hapo juu, kwamba alijaza ritani, zikakaguliwa na mwenzake, naye akakagua za wengine, huyo nitamzungumzisha. Nitamuuliza ni makosa gani aliyokuta mara kwa mara, na majibu yake yatanionyesha kama alikuwapo kweli. Kwenye wasifu wako andika kazi uliyofanya, na jina la jumuiya lifuate nyuma yake.

Mama Wawili amejibu:

Mimi naona mnampa mtoto wa watu mzigo mapema. Mizania, binti yangu alikuwa na umri kama wako alipokwenda nje, na alijiunga na kila kitu alichoalikwa muhula wa kwanza, hadi tukawa tunazungumza naye akiwa amechoka hata kula hakumbuki. Hudhuria mkutano huo, sikiliza, kula hiyo pizza yao, kisha subiri muhula wa pili. Kama nimeelewa walichoandika, masomo ya ngazi ya juu ndiyo yanayotazamwa, na hayo huwezi kuwa nayo mengi siku ya kwanza. Na mjomba umweleze kwa upole kwamba milango anayoisema hufunguliwa na aliyelala akaamka vizuri.

Mizania ameandika:

Nawashukuru sana wazee wangu na ndugu zangu. Barua ya pili nimekwisha kuifuta. Nimetazama ukurasa wa kitivo, nimemwona mhadhiri mlezi wa tawi pamoja na orodha ya viongozi wanafunzi, na ratiba yao inaonyesha mafunzo ya VITA huanza kabla ya Krismasi, kwa kuwa msimu wa kodi wa huko huanza mwezi Januari. Nitafanya alivyoshauri Mama Wawili: nihudhurie mkutano wa Septemba, niulize jumla ya ada, kisha niombe rasmi muhula wa pili nikiwa na alama za kuonyesha. Nakala ya matokeo nitaifuatilia wiki hii niione pande zote mbili.

Limebaki moja. Nimekwisha kujisajili KASNEB na nimefanya karatasi za mwanzo za CPA. Je, niendelee nikiwa huko, au nisimamishe hadi nirudi?

Mkaguzi wa Upper Hill amejibu:

Mitihani waweza kuisimamisha, lakini usajili usiuache ufe. Ada ya kuuhuisha hulipwa kila mwaka kufikia tarehe mosi Julai, nayo hulipika ukiwa popote. Ukiiacha, malimbikizo yatakungoja, na hutaruhusiwa kuketi mtihani hadi uyalipe. Ukihitimu, omba kusamehewa karatasi ambazo shahada yako imezigusa, na kwa ajili hiyo tunza muhtasari wa kila somo utakalolifanya huko, maana jina la somo peke yake halitoshi kuonyesha ulichofundishwa. Mwombe baba akulipie hiyo ya Julai kabla hujasafiri.